Miluzi ya Florence: Nani Alimkimbia Mwenzake, Mtunzi au Msikilizaji?

Tarehe 1 Aprili 1924 Giacomo Puccini alifunga safari kutoka Viareggio, alikokuwa akiishi, hadi Florence, kwenda kusikiliza muziki ambao hakuna aliyemtarajia aufuate. Alikuwa na miaka 65, koo likimsumbua, na hakukuwa na mtunzi wa opera aliye hai aliyependwa kumzidi. Jukwaani alikuwa Arnold Schoenberg akiongoza kazi yake Pierrot lunaire: mashairi mafupi 21, wapigaji watano, na mwanamke ambaye haimbi wala haongei, sauti yake ikipanda na kuteleza kati ya hayo mawili. Ukumbini watu walicheka, wengine wakapiga miluzi ya kuzomea. Puccini alitulia akifuatilia kwenye kitabu cha nota, na onyesho lilipokwisha akaomba atambulishwe kwa Schoenberg.

Kisa hiki hunifurahisha kwa sababu kinavuruga hesabu za pande zote mbili za ubishi ambao sasa una zaidi ya miaka 100. Upande mmoja unasema watunzi wa Ulaya, kuanzia kama mwaka 1908, waliamua kumtupa msikilizaji: wakaacha wimbo unaoimbika, wakawa wanaandikiana wao kwa wao, kisha wakalalamika kumbi ni tupu. Upande wa pili unajibu kwamba msikilizaji ndiye aliyegoma: alitaka apikiwe chakula kilekile alichokula babu yake, na kila aliyemletea kipya alimrudishia sahani. Wa kwanza wangemtarajia Puccini, fundi wa nyimbo zinazoimbika, atoke nje akibamiza mlango. Wa pili wangetarajia asije kabisa. Mzee alikuja, akakaa, akasoma.

Tuanze na wa kwanza, maana ushahidi wao ni mzito. Opera ya karne ya 19 ilikuwa mali ya mtaani kwa kiasi ambacho leo ni vigumu kukiamini. Rigoletto ya Verdi ilipokaribia kuonyeshwa Venice, Machi 1851, inasimuliwa kwamba alimficha mwimbaji wake wimbo wa "La donna è mobile" hadi siku za mwisho, akihofia ukisikika mazoezini tu utatoroka na waendesha mashua watakuwa wanauimba kabla ya onyesho lenyewe. Huyo ni mtunzi mwenye shida ya kupendwa mapema mno. Alifariki Januari 1901. Mwezi mmoja baadaye, mwili wake ulipohamishiwa kaburi la kudumu, mitaa ya Milan ilifurika watu waliokadiriwa kufikia 300,000, na kwaya ya mamia ya waimbaji chini ya Arturo Toscanini ikaimba "Va, pensiero", wimbo ambao Verdi aliutunga kwa ajili ya opera ya mwaka 1842. Karibu miaka 60 imepita, na watu bado wanajua maneno.

Sasa linganisha na Vienna, mwaka 1918. Schoenberg na wanafunzi wake wanaanzisha chama cha maonyesho ya faragha. Unaingia kwa uanachama. Waandishi wa magazeti hawatakiwi. Kupiga makofi ni marufuku, kuzomea vilevile. Kitakachopigwa jioni hiyo hakitangazwi mapema, ili usije kwa ajili ya kipenzi chako na kumkwepa mwingine. Kutoka mazishi ya Milan hadi kadi hizo za uanachama ni miaka 17 tu. Mtu akisema hapo katikati pana ndoa iliyovunjika, siwezi kumwambia anaota.

Lakini muulize Schoenberg kwa nini alifunga mlango, naye atakupeleka Machi 31, 1913, ukumbi wa Musikverein mjini humo humo. Alikuwa akiongoza kazi zake na za wanafunzi wake. Zilipofika nyimbo za Alban Berg, kelele zilizidi, watu wakashikana, kibao kikapigwa, na onyesho halikumalizika. Shauri lilifika mahakamani, na inasemekana mtunzi mmoja wa operetta, yaani opera nyepesi za kuchekesha, alieleza kwamba kile kibao ndicho kilichokuwa na mlio mtamu kuliko vyote usiku ule. Kama wewe ni mpishi na wateja wanarusha sahani, kuweka bawabu mlangoni si kiburi.

Upande wa pili unaongeza kwamba kuzomewa hakukuanza na hao. Madama Butterfly ya Puccini huyuhuyu ilizomewa vibaya kwenye jumba la opera la La Scala, Milan, tarehe 17 Februari 1904, akaiondoa, akairekebisha, na miezi mitatu baadaye ikashangiliwa Brescia. Carmen ilipokelewa kwa baridi Paris mwaka 1875, na Bizet akafa miezi mitatu baadaye bila kujua alichokuwa ameiachia dunia. Miluzi ya usiku mmoja, basi, haithibitishi chochote. Kwa hoja hii nakubali nusu. Butterfly ilisubiri miezi mitatu. Pierrot lunaire imesubiri zaidi ya karne, na bado si wimbo wa kuombwa harusini.

Ili kuona kilichobadilika hasa, inabidi tuingie jikoni kidogo. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya anaijua do. Mwalimu anaipiga, sauti zote nne zinaikamata, wimbo unazunguka unakozunguka, na mwisho unarudi do, hata mtoto aliyekaa benchi la nyuma anajua kwamba umefika. Hiyo ndiyo nyumba ya wimbo. Verdi anaweza kukutoa nje, akakutembeza gizani, lakini nyumba iko palepale na taa inawaka. Aliyeanza kuichezea kwa makusudi ni Richard Wagner. Mwanzoni kabisa mwa opera yake ya Tristan und Isolde, iliyoonyeshwa Munich Juni 1865, sauti nne zinapigwa pamoja, sikio linangoja zitue, na hazitui. Zinasogea kwenye ngoja-ngoja nyingine. Anakuweka hivyo kwa karibu muda wa saa nne za muziki, hadi Isolde anapozama kwenye kifo juu ya maiti ya Tristan, ndipo zile sauti zinapopata pa kukaa. Vienna walijaribu kuionyesha kabla ya Munich. Baada ya mazoezi zaidi ya 70 wakasalimu amri.

Schoenberg alijiona mrithi wa kazi hiyo, si mhuni aliyevunja dirisha. Kama inawezekana kuahirisha kurudi nyumbani kwa saa nne, kwa nini isiwezekane kutorudi? Hoja hii ina mantiki yake, nami naiheshimu. Ila ina upungufu ambao wapenzi wake huuruka: katika Tristan unangoja kwa sababu wapo watu wawili wanaongoja. Mateso ya sikio yana mwenyewe. Ondoa jukwaa, ondoa mapenzi na sumu na jahazi, acha zile sauti peke yake, na anayengoja atauliza anangojea nini.

Desemba 1908 inatupa mfano ambao hakuna mtunga hadithi angethubutu kuubuni. Tarehe 18, mjini Paris, kilipigwa kwa mara ya kwanza kitabu kidogo cha piano ambacho Claude Debussy alimwandikia binti yake, Children's Corner. Tarehe 21, siku tatu baadaye, Vienna ilisikia kwarteti ya pili ya Schoenberg, fidla mbili, viola na selo, pamoja na mwimbaji wa kike. Kazi zote mbili zinatoka nje ya nyumba ya Wagner, lakini kwa milango tofauti.

Katika sehemu ya mwisho ya ile kwarteti, Schoenberg haandiki tena alama za kuonyesha do iko wapi. Nyuzi zinapanda polepole kutoka chini kama moshi, kisha mwanamke anaimba kwamba anahisi hewa ya sayari nyingine. Ni mahali pazuri sana, na ninasema hivi nikijua kwamba wapo watakaonishangaa. Watu ukumbini walicheka na kupiga kelele.

Debussy anafanya utani. Kipande cha mwisho cha kitabu chake, "Golliwogg's Cakewalk", kimejengwa juu ya cakewalk, dansi iliyoanzia kwa Waafrika waliokuwa watumwa kusini mwa Marekani na ambayo, kwa maelezo ya wengi, ilikuwa dhihaka kwa madaha ya mabwana zao. Mkono wa kushoto unakanyaga moja-mbili, wa kulia unachelewesha na kuwahisha, miguu yako inaanza yenyewe. Katikati mwendo unapungua, na ghafla unasikia ule mwanzo wa Tristan, huku Debussy akiwa ameandika kwamba upigwe "kwa hisia kubwa". Mara tu baada yake zinafuata sauti fupi fupi za juu, hi hi hi. Anarudia tena na tena: Wagner anaugulia, dansi inamcheka. Kisha cakewalk inarejea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipande chote ni kama dakika tatu, na ndani yake mna opera ya kimapenzi ya Ulaya, usasa unaoikejeli, na mdundo utakaozaa jazi. Si kwamba Debussy alikuwa mtetezi wa mtu mweusi. Golliwogg ni mdoli wa dharau, uso mweusi tii na midomo iliyotiwa chumvi. Alichukua mdundo, dharau akaiacha kwenye jina.

Na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Wanaobishana hubishania ukali wa sauti, kana kwamba sikio la watu lilishindwa na sauti zinazokwaruzana. Sidhani. Angalia The Rite of Spring ya Igor Stravinsky. Ilipochezwa Paris tarehe 29 Mei 1913 ilizua ile vurugu inayosimuliwa kila mahali, na ni kweli muziki wake umejaa migongano ambayo Verdi angeiita ajali. Lakini Aprili 1914, mjini humo humo, ulipigwa bila wachezaji dansi na mashabiki wakambeba Stravinsky mabegani. Mwaka 1940 Walt Disney aliutia kwenye filamu ya katuni, dinosau wakafa kwa kiu huku ukiunguruma, na watoto wakaupokea bila kudai do yao. Mtu yeyote aliyewahi kuangalia filamu ya kutisha amekaa dakika nzima ndani ya muziki usio na nyumba, akashika kiti kwa mikono miwili, wala hakulalamika kwamba hauimbiki.

Au chukua Wozzeck, opera ya Alban Berg, yuleyule ambaye nyimbo zake zilileta kibao. Ilianza kuonyeshwa Berlin tarehe 14 Desemba 1925, na katika miaka michache ikazunguka Ulaya hata Berg akaishi kwa mapato yake. Hadithi yenyewe ni ya askari maskini anayejiuza kwa daktari ili afanyiwe majaribio ya chakula, anayeonewa kazini, anayesalitiwa nyumbani, na anayemuua mama wa mtoto wake. Baada ya mauaji okestra inashika sauti moja tu. Moja. Inaanza kwa mbali, inavimba, chombo kimoja baada ya kingine kinaingia hadi ukumbi mzima unatetemeka, kisha inarudia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Hakuna mlinganyo wa sauti wa kuchambua hapo, mtoto angeuandika. Lakini hakuna asiyeelewa. Berg alitumia vifaa vilevile vya mwalimu wake Schoenberg, akavipa kazi.

Kazi: hilo ndilo neno ninalolitafuta. Kiswahili kina faida hapa, maana ngoma kwetu ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli yenyewe. Ukiambiwa kuna ngoma leo, swali linalofuata si "imetungwa kwa mtindo gani?" bali "ya nini?" Muziki wa Verdi ulikuwa na jibu: wa jukwaa, wa hadithi, wa watu kulia pamoja. Wa Stravinsky: wa dansi. Schoenberg wa faragha alitaka muziki usiulizwe "wa nini", usikilizwe tu, watu wamekaa kimya. Ni ombi halali. Ni ombi kubwa pia, na sehemu kubwa ya dunia haijawahi kulipokea.

Jazi ndiyo inayonifanya niamini hivyo, kwa sababu ilisafiri njia hiyohiyo, tena kwa kasi.

Watu husimulia jazi kana kwamba ilitoka upande wa pili wa dunia kabisa, mbali na mashangingi wa opera na vikuku vyao. New Orleans ilikuwa mji wa opera tangu mwisho wa karne ya 18, na jumba lake la opera la Kifaransa, lililofunguliwa 1859, lilidumu hadi lilipoungua Desemba 1919. Jelly Roll Morton, alipoketi kwenye piano mwaka 1938 kurekodi kumbukumbu zake kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, alipiga "Miserere" ya Verdi kama ilivyoandikwa, kisha akaonyesha inavyogeuka jazi. Louis Armstrong alisema mwenyewe kwamba miongoni mwa sahani zake za santuri za kwanza zilikuwamo za waimbaji wa opera Caruso na Tetrazzini. Usiposadiki, sikiliza "West End Blues", iliyorekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928. Kabla hujajua wimbo ni upi, tarumbeta inaingia peke yake, hakuna piano, hakuna ngoma. Sauti nne, imara, kama mtu anayegonga mlango; kisha inapaa, inageuka huko juu, na kushuka kwa ngazi zinazoyumba hadi wenzake wanapompokea. Sekunde kama kumi na mbili. Hicho ni kile kipande cha madaha ambacho mwimbaji wa opera hupewa ili aonyeshe koo lake, isipokuwa Armstrong hakupewa na mtu. Kwa dansa wa Chicago haikuwa ngumu hata kidogo, maana alijua mdundo unakuja.

Ndipo ikaja miaka ya 1940. Vijana wa klabu ya Minton's Playhouse, Harlem, Charlie Parker na Dizzy Gillespie na Thelonious Monk, wakaanza kupiga muziki wa kasi na kona ambao miguu haiwezi kuufuata. Novemba 26, 1945 Parker alirekodi "Ko-Ko" juu ya mifupa ya wimbo maarufu wa "Cherokee", na aliyekuwa akiucheza "Cherokee" kwenye dansi angekaa chini. Mwaka 1948 Armstrong aliwashambulia hadharani: sauti za ajabu zisizo na maana, hakuna wimbo wa kukumbuka, hakuna mdundo wa kucheza. Soma tena shtaka hilo. Ni lile la Vienna, neno kwa neno, ila sasa linasomwa na mtoto wa New Orleans dhidi ya wadogo zake.

Kwa hiyo nao walimkimbia msikilizaji? Hapa upande wa kwanza huwa unashangilia mapema. Mwaka 1944 serikali ya Marekani, ikitafuta fedha za vita, ilipandisha kodi ya kumbi za starehe hadi asilimia 30, baadaye mwaka huohuo ikashuka kuwa 20. Kodi ilimbana mwenye ukumbi unaoruhusu watu kucheza au wenye mwimbaji. Ukumbi wa watu waliokaa wakisikiliza vyombo tu ulisamehewa. Jiweke mahali pa mwenye klabu: unang'oa sakafu ya dansi, unapanga meza, unaajiri watu wanne au watano badala ya bendi ya 16. Ongeza mgomo wa chama cha wanamuziki, ulioanza Agosti 1, 1942 na kuzuia kurekodi kwa zaidi ya mwaka, kwa baadhi ya makampuni zaidi ya miaka miwili: mtindo mpya ulikua bila watu wa mbali kuusikia, wakaja kuukuta umeshakomaa, nao wakashtuka. Parker alitaka uhuru wa kupiga alichokisikia kichwani, hilo ni kweli. Lakini viti havikuletwa na Parker. Vililetwa na mhasibu.

Pembeni kidogo: katika miongo hiyohiyo neno jazz lilivuka bahari likatua kwenye ngoma za bendi zetu, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, na OK Jazz kule Kongo. Wajuzi wa New York wangesema hiyo si jazz. Muziki wao wenyewe wazee wetu waliuita dansi, na hawakuona mgongano wowote. Jina lilibaki na wanaocheza wakati wenye jina walikuwa wameketi.

Mpaka hapa ninasikika kama mtetezi wa msikilizaji, na lazima nijisahihishe, kwa sababu huyo msikilizaji ni hakimu wa kuogopwa. Scott Joplin, bingwa wa ragtime, muziki wa piano uliotangulia jazi, aliandika opera ya Treemonisha, hadithi ya msichana mweusi aliyesoma anayeongoza jamii yake, akaichapisha kwa fedha zake mwenyewe mwaka 1911. Ina nyimbo zinazoimbika, ina dansi, ina kila kitu ninachokidai. Mwaka 1915 aliweza kuipitisha mbele ya watu Harlem mara moja, bila mapambo, yeye mwenyewe kwenye piano. Akafa 1917. Ilipandishwa jukwaani kikamilifu Atlanta mwaka 1972. Hakumkimbia mtu, milango ndiyo haikufunguliwa. Wakati huohuo Paul Whiteman, mwongozaji mzungu, aliitwa Mfalme wa Jazi, na onyesho lake la Februari 12, 1924 pale Aeolian Hall, New York, ndilo lililotoa Rhapsody in Blue ya George Gershwin. Ni kazi nzuri, ule mlio wa klarineti unaoteleza kama king'ora hauzeeki. Lakini anayesema umma huchagua kilicho bora aeleze pia kwa nini umma ulimvika taji huyo, na kwa nini mwaka 1965 bodi ya tuzo ya Pulitzer ilikataa pendekezo la majaji wake la kumtunuku Duke Ellington, mtunzi mweusi wa jazi, aliyekuwa na miaka 66. Ellington alijibu kwamba bahati haitaki awe maarufu mno angali kijana.

Nao watetezi wa usasa wasijione wasafi. Theodor Adorno, mwanafalsafa aliyemtetea Schoenberg kuliko wote, mwaka 1936 aliandika juu ya jazi kwa dharau iliyokubuhu, akiiona ni uhuru wa bandia unaouzwa kiwandani. Miaka miwili baadaye Wanazi walifungua Düsseldorf maonyesho ya "muziki ulioharibika". Picha ya tangazo ilikuwa mtu mweusi mwenye saksofoni na nyota ya Daudi kifuani, kejeli kwa opera ya Ernst Krenek ya mwaka 1927, Jonny spielt auf, iliyokuwa na mpiga jazi mweusi. Ndani walimweka Schoenberg, Mwyahudi, pamoja na jazi. Adui aliwaona ni kundi moja kabla wao wenyewe hawajakubali kusalimiana.

Wanamuziki wenyewe, lakini, walikuwa wakitembeleana. Gershwin alipofika Vienna mwaka 1928, Berg alimkaribisha asikilize kwarteti yake, kisha akamwomba apige piano. Mgeni akasitasita kupiga vibao vya Broadway baada ya kile alichosikia. "Bwana Gershwin," inasimuliwa Berg alimwambia, "muziki ni muziki." Baadaye, California, Schoenberg mkimbizi alikuwa akicheza tenisi kwenye uwanja wa nyumbani kwa Gershwin. Ukuta tunaoubishania ulijengwa zaidi na wenye kalamu kuliko wenye vyombo.

Nadharia yangu ya kazi ina tundu, nami nalijua. Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis ya mwaka 1959, haina kazi yoyote ninayoweza kuitaja. Huichezi, haisimulii. Inakaa tu. Na imeuza nchini Marekani peke yake nakala zaidi ya milioni tano. Naweza kujitetea kwamba inakaa karibu na nyumba, kwamba Davis alipunguza misukosuko badala ya kuiongeza, na kwamba watu wameipa kazi wenyewe, ya usiku na chakula cha jioni. Utetezi huo haunitoshi hata mimi.

Upande mwingine ipo Uhuru Afrika, ambayo mpiga piano Randy Weston aliirekodi New York Novemba 1960 na bendi kubwa iliyopangiwa muziki na Melba Liston. Inafunguka kwa shairi la Langston Hughes, na baadaye maneno yake yanasikika kwa Kiswahili kutoka kinywani mwa Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa Umoja wa Mataifa, mwaka mmoja kabla nchi yake haijapata uhuru. Kazi ipo, tena kubwa. Serikali ya makaburu iliielewa vizuri kiasi cha kuipiga marufuku Afrika Kusini. Mwezi mmoja baadaye, jijini humo humo, Ornette Coleman aliwaingiza studio watu wanane, wanne upande huu wa spika na wanne upande ule, wakarekodi Free Jazz, karibu dakika 37 bila kusimama, bila makubaliano ya do iko wapi. Zote mbili zilikuwa zinazungumzia uhuru. Ya Weston naweza kumpigia jirani yangu bila kueleza. Ya Coleman nahitaji kwanza kumwandalia chai. Bado sitaki kuishi katika dunia ambayo mojawapo haikurekodiwa.

Kuhusu Schoenberg, wanaomfanya nembo ya dharau kwa msikilizaji hawajasoma barua zake. Mwaka 1947, akiwa mzee wa miaka 72 California, alimwandikia mwongozaji Hans Rosbaud kwamba hakuna anachokitamani zaidi ya watu kumwona kama Tchaikovsky fulani, yule Mrusi wa nyimbo zinazopendwa, ila aliye bora kidogo, au kama kuna cha ziada, basi wazijue nyimbo zake na kuzipiga kwa miluzi.

Miluzi alishaipata Florence, mwaka 1924. Kati ya waliokuwamo ukumbini usiku ule alikuwapo kijana mwanafunzi wa muziki, Luigi Dallapiccola, ambaye baadaye alikuja kuwa Mwitalia wa kwanza mwenye jina kutunga kwa njia ya Schoenberg. Puccini alirudi Viareggio kwenye opera yake ya Turandot, ambayo hakuimaliza. Alifariki Novemba mwaka huo.